Konzi ya Mchanga: Gladiator kwenye Skrini Kubwa

Filamu ya Gladiator ya mwaka 2000, yenye jina la wapiganaji wa viwanjani wa Roma ya kale, inaanza na kiganja cha mkono kinachopapasa masuke ya ngano yaliyoiva. Hapo hujaona upanga, farasi wala uwanja wa mapambano. Unaona mkono wa mtu mzima na mwanga wa dhahabu juu ya shamba. Kisha rangi inabadilika ghafla, dhahabu inageuka kuwa kijivu cha chuma, na tunamwona jemadari amesimama katika baridi ya Germania, kaskazini mwa dola ya Roma, akimtazama ndege mdogo aliyetua kwenye kijiti. Anatabasamu, ndege anaruka, naye anageuka kulikabili jeshi zima linalomsubiri. Nimeitazama filamu hii mara nyingi, lakini ilikuwa mwezi uliopita, nilipoiona ukutani nyumbani kwa rafiki yangu mwenye projekta, picha ikiwa na upana wa karibu mita nne, ndipo nilipotambua kwamba dakika hizo chache za mwanzo ndizo zinazobeba uzito wa yote yanayofuata.

Mara ya kwanza niliiona nikiwa mwanafunzi wa sekondari mjini Morogoro, katika kibanda umiza cha mabanzi na mabati, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni ya chogo ya inchi 21. Mkanda ulikuwa umenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba msitu wa Germania ulionekana mweusi tii, na kwa kuwa filamu hii imepigwa kwa umbo pana kuliko televisheni za wakati ule, kingo za kulia na kushoto zilikuwa zimekatwa ili picha ienee kwenye kioo. Mtafsiri alitueleza kwa Kiswahili yaliyokuwa yakiendelea, kwa sauti nzito iliyofunika maneno ya waigizaji, nami namshukuru hadi leo, kwa sababu bila yeye nisingejua kwamba Seneti ni baraza la wakuu wa Roma wala kwa nini mwana wa mfalme anamchukia jemadari wa baba yake. Nilitoka pale na hadithi nzima kichwani. Filamu yenyewe, hata hivyo, nilikuwa bado sijaiona.

Ukiwauliza watu kwa nini filamu za mapigano zinazosimulia Roma ya kale zinavutia, wengi watakujibu kwamba ni kwa sababu ya ukubwa wake: majeshi yanayojaza bonde, kuta zinazofika mawinguni, maelfu ya watu wanaopiga kelele kwa pamoja. Jibu hilo lina ukweli, lakini ukubwa peke yake huchosha haraka, na zipo filamu za aina hii ambazo baada ya saa moja mtazamaji huanza kuangalia simu yake ijapokuwa mji mzima unateketea mbele ya macho yake. Ninachokiona katika Gladiator ni kwamba mwongozaji wake, Ridley Scott, ameufunga ukubwa huo wote kwenye kitu kidogo kinachoweza kushikwa mkononi, nacho ni udongo.

Maximus, jemadari anayeigizwa na Russell Crowe, ana desturi moja ambayo kwenye kioo kidogo hupita bila kuonekana. Kabla ya kupigana huinama, huchota konzi ya udongo, huusugua viganjani na kuunusa. Kwenye skrini pana unaiona tofauti ya udongo wenyewe. Germania ni tope jeusi lililochanganyika na majani yaliyooza, na sehemu hiyo ilipigwa katika msitu wa Bourne Wood, kusini mwa Uingereza. Katika mji wa Zucchabar, ambao zamani ulikuwa katika Algeria ya leo lakini kwa ajili ya filamu ulijengwa Aït Benhaddou nchini Moroko, ni vumbi jekundu linaloganda kwenye jasho la shingo. Ndani ya Colosseum, uwanja mkubwa wa mapambano wa mji wa Roma, ambayo kipande chake kilijengwa kisiwani Malta, ni mchanga mkavu uliofagiwa ukasawazishwa kabla watu hawajaanza kufa juu yake. Neno la Kilatini lililowapa walimwengu jina la kiwanja cha mapambano, harena, maana yake ni mchanga, kwa sababu Warumi walimwaga mchanga ili unywe damu. Sijui kama Crowe alilifikiria neno hilo alipokuwa akiinama, ila mimi silitenganishi tena na kitendo chake.

Udongo huo haukuletwa kama pambo. Katika hema la Marcus Aurelius, mfalme mzee anapomwomba jemadari wake amsimulie habari za nyumbani, Maximus anaeleza nyumba ya mawe yanayopata joto la jua, bustani yenye harufu ya majani ya kupikia mchana na asumini jioni, kisha anafika kwenye udongo wake na kusema ni mweusi kama nywele za mkewe. Anajua hata idadi ya siku alizokaa mbali na nyumba hiyo: miaka 2, siku 264 na asubuhi ile. Baadaye anapofika na kukuta mke na mwanawe wameuawa, anawazika kwa mikono yake mwenyewe, kisha analala juu ya kaburi, na kutoka hapo anachukuliwa na kuuzwa kuwa mtumwa wa kupigana uwanjani. Kwetu sisi, ambao kila anayehudhuria mazishi hutupia udongo kaburini kwa mkono wake, tukio hilo halihitaji mtafsiri. Tangu hapo kila anapoinama kuchota mchanga wa uwanja, mtazamaji anajua mkono ule umeshashika udongo wa aina gani.

Vita vya Germania ndivyo vinavyosifiwa zaidi, na vinastahili sifa hizo. Mishale ya moto inapaa na kuangukia msitu, miti inawaka kwelikweli, kwa kuwa eneo lile lilikuwa tayari limepangwa kukatwa miti na wenye mamlaka ya misitu wakaruhusu lichomwe, na moshi unaozagaa kati ya farasi na ngao ni moshi halisi ambao unakaribia kuunusa. Picha zimepigwa kwa namna inayoufanya mwendo uonekane kama unakatikakatika, hivyo matone ya tope na cheche hubaki hewani yakiwa makali badala ya kuyeyuka kuwa ukungu. Wajuzi wa historia wanalalamika kwamba mitambo mizito ya kurushia moto isingetumika hivyo katika mapigano ya msituni, nao wana haki. Kwa msikilizaji wa Afrika kuna jambo jingine: kelele za kivita za Wajerumani kabla ya pambano zimechukuliwa kutoka katika filamu ya Zulu ya mwaka 1964, na ukishaambiwa hivyo masikio yako hayatazisikia tena kama sauti za Ulaya.

Mimi lakini nikiambiwa nichague sehemu moja ya kumwonyesha mtu asiyezipenda filamu hizi, nitachagua pambano la kwanza ndani ya Colosseum. Watumwa wameingizwa uwanjani waigize jeshi la Hannibal, jemadari wa Karthago, na kushindwa, ili watazamaji wakumbushwe ushindi wa Scipio, jemadari wa Roma, ule ambao katika historia ulipatikana Zama, katika Tunisia ya leo, mwaka 202 kabla ya Kristo. Milango inafunguliwa na magari ya kukokotwa na farasi yanatoka yakiwa na wapiga mishale wa kike na visu virefu kwenye magurudumu. Maximus hawajui wengi wa watu alio nao, lakini anawauliza kama kuna aliyewahi kuwa jeshini, na kuanzia hapo kundi la watu waliokusudiwa kufa linageuka kuwa kikosi: ngao zinashikana, mgongo unalinda mgongo, na anayejitenga anakufa. Kwenye kibanda umiza niliona farasi na vumbi tu. Kwenye ukuta wa mita nne niliona mpango mzima wa vita, kwa sababu picha inakuonyesha kwa wakati mmoja gari linalokuja kutoka kushoto, kundi lililojikunja katikati, na mtu mmoja upande wa kulia aliyechelewa kurudi kwa wenzake. Kingo zilizokatwa kwenye mkanda wetu wa Morogoro ndizo zilizokuwa zimebeba maana.

Walioandikiwa kushindwa wanashinda, na mfalme Commodus, yule mwana wa Marcus Aurelius aliyerithi kiti, anashangaa hadharani kwamba historia haikuwa hivyo. Anashuka uwanjani kumwona mshindi, na mshindi anampa mgongo. Mwili ulinisisimka pale Maximus alipovua chapeo taratibu, akageuka, akataja jina lake, jeshi aliloliongoza, mfalme wa kweli aliyemtumikia, kisha mwana na mke waliouawa. Uso wa Joaquin Phoenix, anayemwigiza Commodus, katika nusu dakika hiyo ni somo la uigizaji: mdomo wa chini unatetemeka, macho yanalowa, na bado anajaribu kushika tabasamu la mtawala mbele ya halaiki inayomtazama. Ukubwa wa skrini hapa haukuzi jengo. Unakuza mshipa mdogo usoni mwa mtu anayeogopa.

Halaiki yenyewe ni kazi ya kustaajabisha. Colosseum ya kweli ilianza kujengwa chini ya mfalme Vespasian, ikafunguliwa na mwanawe Titus mwaka 80 kwa michezo ya siku 100, na wataalamu hukadiria kwamba ilichukua watu kati ya 50,000 na 80,000. Kule Malta walijenga sehemu ya chini tu ya kipande cha uwanja huo, na ghorofa za juu pamoja na watazamaji wengi zikaongezwa kwa kompyuta. Ukitazama kwa makini utagundua mahali ambapo jiwe linaishia na kompyuta inaanza, lakini mwanga na vivuli vya mapazia ya juu vimesawazishwa kwa uangalifu mkubwa hivi kwamba jicho linasamehe. Inasemwa wazi na waliohusika kwamba Scott alishawishika kuifanya filamu hii baada ya kuonyeshwa mchoro wa Jean-Léon Gérôme wa mwaka 1872, unaomwonyesha mpiganaji aliyemkanyaga mwenzake huku watazamaji wakigeuzia vidole gumba chini. Kidole gumba cha kuua, kwa jinsi tunavyokijua kwenye sinema, kinatokana na mchoro huo zaidi kuliko maandishi ya Warumi, ambayo hayaelezi waziwazi kidole kiligeuzwa wapi.

Kuhusu ukweli wa historia, mtazamaji asiende na daftari. Marcus Aurelius alifariki mwezi Machi mwaka 180, na wengi huamini ni kwa maradhi. Commodus alikuwa ameshafanywa mtawala mwenza tangu mwaka 177, na wala hakuna ushahidi kwamba baba yake alitaka kurudisha jamhuri, kama filamu inavyosimulia. Lucilla, dada yake Commodus, alikula njama dhidi ya ndugu yake mwaka 182, akapelekwa kisiwani Capri na kuuawa huko. Commodus mwenyewe alitawala peke yake miaka 12 na akanyongwa usiku wa mwisho wa mwaka 192 na mwanamieleka aitwaye Narcissus. Hata hivyo, jambo ambalo mtu angedhani limetungwa, yaani mfalme kushuka uwanjani kupigana, ni la kweli. Cassius Dio, aliyekuwa seneta na shahidi wa macho, ameandika kwamba siku moja Commodus alimkata mbuni kichwa, akawasogelea maseneta akiwa amekishika kwa mkono wa kushoto na upanga wenye damu kwa mkono wa kulia, akatikisa kichwa chake mwenyewe bila kusema neno. Dio na wenzake ilibidi watafune majani ya mataji yao ili wasicheke, maana kicheko kingewagharimu maisha. Natamani sana tukio hilo lingekuwamo kwenye filamu.

Linaloniuma zaidi ya makosa ya tarehe ni namna utumwa ulivyosimuliwa. Juba, mpiganaji kutoka Numidia, nchi ya kale ya Afrika Kaskazini, anaigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, kwa utulivu unaoifanya kila sekunde yake iwe na uzito. Katika pambano la kwanza kule Zucchabar amefungwa mnyororo mmoja na Maximus, na wawili hao wanaokoka kwa kujifunza kutembea kama mwili mmoja. Tunaambiwa kwa ufupi kwamba ana mke na mabinti nyumbani. Baada ya hapo filamu inamtumia kumfariji rafiki yake, na mashaka yake mwenyewe yanawekwa pembeni, kana kwamba kunyang'anywa uhuru ni msiba mkubwa zaidi kwa jemadari kuliko kwa mtu wa Numidia. Maseneta wanaotuomba tuwaunge mkono kwa jina la jamhuri walikuwa watu wa tabaka lililomiliki watumwa kwa mamia, na filamu haithubutu kulisema hilo. Filamu ya saa mbili na dakika 35 ilikuwa na nafasi ya kutosha kumpa Juba dakika tano zake.

Ili kuelewa ilikuwa ujasiri gani kutengeneza filamu hii, ni vizuri kukumbuka kwamba aina yake ilikuwa imezikwa kwa miongo mitatu na zaidi. Ben-Hur ya mwaka 1959, iliyotwaa tuzo 11 za Oscar, ilipiga mbio zake za magari ya farasi katika uwanja uliojengwa Cinecittà, Roma, bila msaada wowote wa kompyuta. Katika mbio hizo mwigizaji wa hatari anarushwa mbele ya gari lake, anadaka, anapanda tena, na tukio hilo ambalo halikupangwa liliachwa ndani ya filamu. Mkanda wake ulikuwa wa milimita 65 na picha yake ni pana sana, hivyo anayeitazama kwenye simu anaona mstari mwembamba wenye sisimizi. Baada yake ilikuja Cleopatra ya mwaka 1963, ambayo gharama zake zilikaribia kuifilisi studio iliyoitengeneza, na mwaka 1964 The Fall of the Roman Empire, ambayo ilisimulia habari hizihizi za Marcus Aurelius na Commodus ndani ya mji wa maonyesho uliojengwa karibu na Madrid, ikapata hasara. Tangu hapo wenye fedha waliiogopa Roma. Gladiator ilipotoka, ikapata tuzo 5 za Oscar, zikiwemo ya filamu bora na ya mwigizaji bora wa kiume.

Sehemu ya pili niliiona katika ukumbi wa sinema mwishoni mwa mwaka 2024, kwenye skrini kubwa kuliko ukuta wa rafiki yangu, lakini sikutoka nimetosheka kwa kiasi hichohicho. Ina nyani wakali, ina kifaru aliyepandwa na mpiganaji, ina uwanja uliojazwa maji yenye papa. Baadhi ya hayo yana msingi: michezo ya mwaka 80 inaelezwa kuwa na vita vya majini na kifaru, na sarafu ya wakati wa mfalme Domitian ina picha ya kifaru mwenye pembe mbili, yaani wa Afrika. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza uitwao Periplus unazitaja pembe za kifaru na za ndovu miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ambayo wanahistoria wengi huiweka mahali fulani katika pwani ya Tanzania, hivyo mnyama yule ananigusa karibu zaidi kuliko papa. Shida ni kwamba wanyama wanakuja mmoja baada ya mwingine kabla hujamjali vya kutosha mtu anayetakiwa kupambana nao. Paul Mescal, mwigizaji mkuu wa sehemu hii, naye anachota mchanga na kuusugua viganjani, ila kwake kitendo hicho ni kumbukumbu ya filamu nyingine. Anayeiokoa ni Denzel Washington katika nafasi ya Macrinus, mtu ambaye kweli aliwahi kuwa mfalme wa Roma kuanzia mwaka 217 hadi 218 na ambaye alizaliwa Mauretania, katika Algeria ya leo. Anapoingia chumbani, akipanga mikono ya vazi lake na pete zake kabla ya kusema, hakuna mnyama wa kompyuta anayeweza kushindana naye.

Kwa anayetaka kuitazama ile ya kwanza ipasavyo, ushauri wangu ni atafute nakala ya kiwango cha 4K, yaani yenye picha kali zaidi, na toleo la dakika 155, kwa kuwa lile refu la dakika 171 linaongeza matukio yanayopunguza kasi, na Scott mwenyewe amesema toleo la kwanza ndilo lake. Asitegemee spika za televisheni. Muziki wa Hans Zimmer na Lisa Gerrard una sauti za chini ambazo kifuani hufika kabla ya masikioni, na ile filimbi ya Kiarmenia inayolia kati ya mapambano hupotea kabisa kwenye spika ndogo. Hata spika mbili za kukodi za sherehe zitafanya kazi nzuri kuliko hizo. Watoto walale kwanza, maana kuna kukatwa vichwa, kuna maiti zilizoning'inizwa, na hata magari yale yenye visu hayafichi kitu. Taa zizimwe zote, na asiyejua Kiingereza vizuri awekewe maandishi ya chini.

Na mtu yeyote asiinuke kuwasha taa Maximus anapobebwa kutoka uwanjani. Watu huondoka hapo wakidhani imekwisha. Jioni inaingia Colosseum, viti viko vitupu, mchanga una alama za nyayo za walioondoka, na Juba anarudi peke yake. Mkononi ana sanamu mbili ndogo za mke na mtoto wa rafiki yake. Anapiga magoti pale alipoangukia mwenzake, anachimba kwa vidole, anaziweka ndani, kisha anazifukia kwa kiganja na kuusawazisha mchanga juu yake. Mtafsiri wetu wa Morogoro, ambaye kwa saa mbili na nusu hakuwa amenyamaza, nakumbuka alinyamaza hapo.